Ramani moja, bei nne zisizofanana: namna ya kuomba bei kwa wajenzi ili uweze kuzilinganisha

Mwanzisha uzi

Wanajamvi, salaam. Naandika kwa ajili ya mtu ambaye tayari amemlipa mbunifu majengo, ana ramani mkononi, na sasa anajiandaa kuzunguka kwa wajenzi akiuliza, "Nyumba hii utanijengea kwa kiasi gani?" Swali hilo niliwahi kuliuliza mwaka 2021, nilipokuwa najenga nyumba ya vyumba vitatu Kisemvule, wilayani Mkuranga, na namna nilivyoliuliza iliniumiza kuliko kupanda kwa bei ya saruji.

Nilipiga picha ukurasa mmoja wa ramani, ule wa mpangilio wa vyumba, nikautuma kwa WhatsApp kwa wajenzi wanne. Mmoja alijibu ndani ya saa moja: milioni 46. Wa pili alisema milioni 58, wa tatu milioni 71, na wa nne akaandika milioni 14, akimaanisha ufundi peke yake, jambo nililolielewa baada ya kumpigia simu. Nilimchukua wa milioni 46. Kuta zilipofika kwenye lenta, yaani mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha, ndipo nilipofahamu kwamba bei yake haikuwa na kifusi cha kujazia msingi, haikuwa na shimo la maji taka, haikuwa na milango wala rangi ya nje, na kwamba bati alizokusudia ni za geji 30 wakati mimi nilikuwa nafikiria geji 28, ambazo ni nene zaidi. Nyumba ilikamilika kwa zaidi ya milioni 75. Mjenzi yule hakunidanganya hata neno moja. Nilimpa mchoro wa vyumba, naye akaitolea bei nyumba aliyoifikiria yeye, kama wenzake walivyozitolea bei nyumba walizozifikiria wao. Zilikuwa nyumba nne tofauti, nami nikachagua kana kwamba ni moja.

Tangu hapo nimesimamia ujenzi wa nyumba mbili za ndugu zangu, na zote mbili tulianza kwa kuhakikisha kwamba kila mjenzi anatoa bei ya kitu kile kile. Ningependa kueleza jinsi tulivyofanya.

Jambo la kwanza ni kutoa seti nzima ya michoro. Mpangilio wa vyumba unaonyesha urefu na upana, lakini hauonyeshi kina cha msingi, urefu wa kuta kwenda juu, wala mteremko wa paa. Mjenzi anahitaji michoro ya mikato, sura za pande zote nne, ramani ya paa, jedwali la milango na madirisha, mchoro wa kiwanja unaoonyesha mteremko wa ardhi, mifumo ya umeme na ya maji safi na maji taka, na zaidi ya yote michoro ya mhandisi inayoonyesha nondo za msingi, nguzo, mikanda na lenta. Watu wengi hujenga nyumba ya kawaida bila michoro ya mhandisi, kisha wanashangaa kwa nini mjenzi mmoja ameweka tani moja ya nondo na mwingine ameweka tani mbili. Hakuna aliyewaambia kiasi, hivyo kila mmoja ametumia mazoea yake.

Jambo la pili, ambalo kwangu ndilo lenye uzito mkubwa kuliko yote, ni kwamba hata ramani iliyokamilika haielezi ubora. Mchoro unasema ukuta ni wa milimita 150, na kila mjenzi anafahamu kwamba hiyo ni tofali ya inchi 6, lakini mchoro hausemi kama mfuko mmoja wa saruji utatoa tofali 25 au 40. Mchoro unaonyesha jamvi, yaani sakafu ya zege juu ya msingi, lakini huenda hausemi kama uwiano wa saruji, mchanga na kokoto ni 1:2:4 au 1:3:6. Unaonyesha paa, lakini hausemi kama mbao zimetibiwa kwa dawa, bati ni za geji gani, wala kama dari ni ya jipsamu au ya mbao. Kwa hiyo ramani lazima iambatane na maelezo ya kazi, yaani karatasi zinazotaja kwa kila hatua kitu kitakachotumika na namna kitakavyofanywa. Usiandike "nondo nzuri" wala "rangi bora", kwa sababu maneno hayo hayana bei. Andika kwamba nondo ni za milimita 12, kwamba nondo moja ya urefu wa mita 12 iwe na uzito wa takribani kilo 10.6, na kwamba zitapimwa kwenye mzani zikifika. Andika kwamba ukuta wa ndani utapigwa plasta, skimu ya kulainisha ukuta, rangi ya kwanza ya kuandaa ukuta, na mikono miwili ya rangi ya kumalizia. Mbunifu wako anaweza kuandaa maelezo haya, na ni vizuri mkubaliane tangu siku ya kwanza kwamba ni sehemu ya kazi unayomlipa.

Kisha kuna BOQ, yaani mchanganuo unaotaja kila kazi, kipimo chake na kiasi chake, na kuacha wazi sehemu ya bei. Anayeuandaa kwa taaluma ni mkadiriaji majenzi, ambaye husajiliwa na bodi ile ile inayosajili wabunifu majengo, AQRB. Wengi huona malipo yake kuwa ni mzigo wa ziada. Mimi naona kwamba bila mchanganuo huo huwezi kujua kama tofauti ya bei inatokana na bei yenyewe au inatokana na kiasi.

Chukueni jamvi la nyumba yenye eneo la sakafu la mita za mraba 120, kwa unene wa sentimita 10. Hiyo ni zege ya mita za ujazo 12. Kwa uwiano wa 1:2:4, mita moja ya ujazo hula takribani mifuko sita na nusu ya saruji ya kilo 50, kwa hiyo jamvi zima linahitaji mifuko 78 hivi. Mjenzi akikuletea orodha yenye mifuko 50, si lazima awe na bei nafuu kuliko mwenzake. Huenda amekusudia unene wa sentimita 6 na kidogo, au zege hafifu. BOQ ikishasema mita za ujazo 12, uwiano huu, unene huu, mjenzi anabaki na jambo moja tu la kuamua, nalo ni bei yake kwa kila mita. Hapo ndipo unapoweza kumweka mmoja kando ya mwingine. Nakala iliyo na makadirio ya bei ya mkadiriaji ibaki kwako, na wajenzi wapewe ile isiyo na bei.

Vitu ambavyo bado hujaamua, kama vile makabati ya jikoni au aina ya vigae, vitajwe kwa kiasi kimoja cha fedha kwa wajenzi wote. Ukiandika kwamba milango ya ndani itengewe milioni tatu, kila mmoja ataweka milioni tatu, na tofauti ya mwisho haitaathiriwa na ladha ya mtu.

Tuliomba bei kwa wajenzi wanne. Wawili ni wachache mno, na kuwapa kumi ni kuwapotezea muda watu tisa. Wote walipokea bahasha siku moja, na wote walipewa siku moja ya mwisho ya kurudisha. Tuliwaita wafike kiwanjani, kila mmoja kwa saa yake, kwa sababu mjenzi ambaye hajaona mteremko, aina ya udongo na umbali wa kufikisha maji na mchanga ataweka bei ya kubahatisha, na kubahatisha kwake utakulipia wewe. Mmoja akiuliza swali, jibu lilitumwa kwa maandishi kwa wote wanne, kila mtu peke yake. Msiwaweke kwenye kundi moja la WhatsApp, kwani wakishafahamiana wanaweza kupatana bei.

Katika barua ya kuombea bei tuliwataka waseme waziwazi kama bei ina VAT au haina. Asilimia 18 ya milioni 60 ni milioni 10 na laki nane, na tofauti hiyo peke yake inaweza kumgeuza wa kwanza kuwa wa tatu. Tuliwataka pia waseme bei itadumu kwa siku ngapi, kazi itachukua wiki ngapi, na nani atagharimia stoo, maji, umeme na mlinzi wa eneo la kazi. Hayo ya mwisho huonekana madogo, lakini kwa miezi minane mlinzi ni fedha nyingi.

Karibuni kwa maswali na masahihisho, hasa kutoka kwa walio ndani ya fani.

Mchangiaji, fundi mwashi, Morogoro

Mkuu, umeandika vizuri, ila naomba nieleze upande wetu. Mimi ni fundi mwashi kwa miaka 19. Mteja anakuja na ramani, ananiomba nimpigie hesabu ya vifaa vyote, ninakaa siku mbili nahesabu tofali, kokoto, mbao na misumari, kisha anaondoka na karatasi yangu na kumpelekea fundi mwingine akimwambia, "Huyu kasema milioni 12, wewe punguza." Kazi yangu ya siku mbili imekuwa silaha ya kunipigia. Ndiyo maana mafundi wengi wakiletewa ramani sasa hutaja tu kiasi cha jumla kutoka kichwani, tena kikubwa, ili wasipate hasara. Mteja akitupa BOQ yenye vipimo, nusu ya manung'uniko yetu imeisha, kwa sababu tunaweka bei kwa usiku mmoja. Na akitaka tumhesabie sisi wenyewe, atulipe kwa hesabu hiyo, hata kama kazi hatatupa. Hilo ni haki.

Mwanzisha uzi

Fundi, nakushukuru kwa moyo wote, na nakubali kwamba nilipaswa kulisema hilo mwanzoni. Bei ya mjenzi ni mali yake. Kuichukua na kuionyesha kwa mwenzake ni kumvunjia heshima, na kwa kweli kunamharibia mteja mwenyewe, kwa sababu fundi aliyeshushwa bei kwa namna hiyo atatafuta mahali pa kuifidia, na mahali hapo patakuwa ndani ya ukuta ambapo macho hayafiki. Kama bei inazidi uwezo wako, mwambie mjenzi una kiasi gani na muulize ni kazi ipi inaweza kupunguzwa au kuahirishwa, naye akujibu kwa kutumia bei zake mwenyewe.

Mchangiaji, mkadiriaji majenzi

Naomba kuongeza mambo mawili. La kwanza, bei zikisharudi, msitazame jumla peke yake. Kuna mjenzi anayeweka bei za juu sana kwenye msingi na kuta, na bei za chini sana kwenye umaliziaji. Jumla yake inapendeza, na mara nyingi ndiye wa chini kuliko wote. Lakini mkianza kulipana kwa hatua, atakuwa amepokea fedha nyingi mapema kuliko thamani ya kazi aliyoifanya, na mkifika kwenye vigae na rangi hana tena sababu ya kubaki. Wekeni bei za wajenzi wote kwenye jedwali moja, mstari kwa mstari, na palipo na bei iliyo mbali sana na za wengine muulizeni kwa maandishi. Wakati mwingine ni kosa la kuzidisha tu, na ni bora lisahihishwe kabla ya kutia saini. Mstari ulioachwa wazi nao uulizwe, kwa kuwa mmoja huuacha akimaanisha kwamba kazi hiyo imeshaingia mahali pengine, na mwingine huuacha kwa sababu hataifanya.

La pili, mjenzi akisema, "Ramani hii ina mbwembwe, mimi nitaibadilisha iwe nafuu," mwombeni kwanza atoe bei ya ramani kama ilivyo, kisha pendekezo lake aliandike kando na bei yake. Pendekezo hilo lipelekwe kwa mbunifu na mhandisi, maana kibali cha ujenzi kilitolewa kwa michoro iliyoidhinishwa na halmashauri, si kwa mawazo yaliyokuja baadaye.

Mchangiaji, Muscat

Kaka, mimi nipo Muscat na nyumba naijengea Tanga. Kaka yangu mkubwa ndiye anayesimamia, na amempata mjenzi ambaye ni binamu yetu. Nilipomwambia nataka bei za watu wengine alisema ninamdhalilisha ndugu. Pia mbunifu aliyenichorea amenionya nisisambaze ramani yake ovyo. Nifanyeje?

Mwanzisha uzi

Dada, pole kwa kuwa mbali na jambo zito kama hili. Nianze na la mbunifu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi za usanifu majengo na michoro yake, hivyo onyo lake lina msingi. Lakini kuwapa wajenzi ili watoe bei ya nyumba ile ile uliyochorewa, katika kiwanja kile kile, ndiyo matumizi uliyoyalipia, na mbunifu akiambiwa hivyo kwa heshima sidhani kama atakataa. Anachokiogopa ni ramani kufutwa jina na muhuri wake, ikapewa mchoraji mwingine au ikajengwa na mtu mwingine katika kiwanja kingine. Mwombe nakala zenye jina lake, tarehe na maandishi kwamba zimetolewa kwa ajili ya kuombea bei tu, na waombe wajenzi wazirudishe.

Kuhusu binamu, usimwondoe. Mpe bahasha ile ile wanayopewa wengine, siku ile ile, na mwambie kaka kwa upole kwamba karatasi hizi zinamlinda binamu pia, kwa sababu siku fedha zikipungua hakuna atakayesema amezila, kila kitu kitakuwa kimeandikwa. Mimi nimeona undugu ukivunjika kwa nyumba isiyokuwa na maandishi, watu waliozaliwa tumbo moja wakakaa miaka bila kusalimiana, na hakuna aliyeiba kitu. Kwa kuwa upo mbali, mlipe mkadiriaji au mhandisi asiye wa familia afike kiwanjani mwisho wa kila hatua, apime kazi iliyofanyika na kukuandikia kiasi kinachostahili kulipwa. Katika mkataba acha asilimia 5 au 10 ya kila malipo mkononi mwako hadi kipindi cha matazamio, yaani muda wa kuangalia kasoro baada ya kazi kukamilika, kiishe, ili nyufa na mivujo itakayojitokeza irekebishwe.

Mchangiaji, Kahama

Wakuu, haya yote ni ya mtu mwenye fedha zote mkononi. Mimi nina milioni 25 na nitajenga kidogo kidogo, labda kwa miaka minne, na vifaa nitanunua mwenyewe. Je, kuna maana ya kuomba bei kwa wajenzi wanne?

Mwanzisha uzi

Ndugu, ipo, na pengine kwako ina maana zaidi, kwa sababu kosa la hatua ya kwanza utaishi nalo miaka yote minne. Mwombe mkadiriaji akugawie BOQ kwa hatua: msingi hadi jamvi, kuta hadi lenta, kozi za juu na kupaua, kisha umaliziaji. Waombe mafundi bei kamili ya ufundi kwa hatua ya kwanza pekee. Kwa hatua za baadaye waombe viwango tu, kwa mfano shilingi ngapi kwa kila mita ya mraba ya ukuta au ya plasta, ukijua kwamba viwango hivyo vitazungumzwa upya ukifika huko. Orodha ya vifaa itokane na BOQ, isitokane na fundi, ili ukinunua mifuko 78 ujue kwa nini ni 78. Na katika bei ya ufundi ulizia mambo ambayo mafundi hutofautiana: nani analipa vibarua wa kubeba zege, nani analeta mbao za kufungia zege na mashine ya kuchanganyia, nani anachimba, nani anamwagilia maji zege na tofali kwa siku saba za mwanzo. Hayo manne ndiyo niliyoyakuta yakitenganisha bei za ufundi zilizoonekana kutofautiana bila sababu.

Usisahau pia kuulizia usajili. Mkandarasi hutafutwa katika daftari la CRB, yaani Bodi ya Usajili wa Makandarasi, ambako makandarasi wa majengo wamepangwa kwa madaraja, la kwanza hadi la saba. Kwa fundi binafsi, nenda ukaone nyumba mbili alizozijenga miaka mitatu iliyopita, na uzungumze na wenyewe akiwa hayupo.

Mchangiaji, Muscat

Kaka, ahsante sana. Nimezungumza na mbunifu, amekubali. Swali langu la mwisho: bahasha zimeshapelekwa kwa wajenzi watatu, na sasa naona sebule ni ndogo, nataka iongezwe mita moja. Niwaambie kwa simu?

Mwanzisha uzi

Hapana dada, usiseme kwa simu, maana wa kwanza utamweleza vizuri, wa pili kwa haraka, na wa tatu hatapatikana. Mwambie mbunifu arekebishe mchoro, aweke tarehe mpya na alama kwamba huu unachukua nafasi ya ule wa zamani, na mkadiriaji abadilishe vipimo vya msingi, kuta, jamvi, paa na dari vinavyoguswa na mita hiyo moja. Watumie wote watatu siku moja, uwaongezee wiki moja ya kurudisha bei, na uwaombe kila mmoja aandike kwenye barua yake tarehe ya mchoro alioutumia. Bahasha zikifunguliwa, tarehe hiyo ndiyo ya kwanza kuitazama, kabla ya kuangalia jumla.